Bei ya Usalama

Usalama ni neema ambayo watu wote huitamani, na wachache huihesabu gharama yake. Mwenye nyumba hutia komeo mlangoni, mwenye mali huajiri mlinzi, na dola hutunga sheria. Kila mmoja husema amenunua amani. Walakini ni nadra kuulizwa amelipa nini. Hapana kinga ya bure duniani. Komeo limzuialo mwizi kuingia laweza kumzuia mwenye nyumba kutoka siku ya moto. Basi swali la maadili si kama mtu ajilinde au asijilinde, maana kujilinda ni haki ya kila kiumbe. Swali ni nani alipaye bei ya ulinzi, nani aliyeiridhia, na lini malipo yake yatakoma.

Swali hili lina mfano ulio wazi Kiongoroni, kata ya wilaya ya Kibiti iliyo katika delta ya Rufiji, pale mto unapogawanyika matawi mengi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Huko mikoko huota katika maji ya chumvi, mtumbwi hushika nafasi ya gari, na mpunga ni uhai. Lakini mpunga una maadui: ndege mchana, nguruwe na viboko usiku. Kwa sababu hiyo wakulima wa Rufiji tangu zamani hujenga dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, na hukaa humo msimu mzima wakiyalinda mashamba yao. Dungu humwinua mtu juu ya maji yafurikapo, humwezesha kuona mbali, na hupeleka sauti yake mpaka ukingoni mwa shamba. Ni kazi ya akili iliyozaliwa na haja.

Hata hivyo, dungu lina upande wa pili. Akaaye ndani yake yu mbali na jirani, na kuta zake ni nyepesi. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 30 katika wilaya ya Rufiji, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Kibiti. Wataalamu waliochunguza mashambulio ya simba katika Tanzania, na kutoa habari zao mwaka 2005, walionyesha mnyororo wa ajabu: nguruwe hufuata mazao, simba hufuata nguruwe, na mkulima hulala shambani kwa ajili ya nguruwe. Aliyeondoka nyumbani kwenda kukilinda chakula chake alijiweka katika njia ya simba. Kinga ya hatari moja ikawa mlango wa hatari nyingine.

Je, mkulima huyo ni mjinga? La. Njaa ya nyumba isiyovuna ni jambo la yakini, na simba ni jambo la bahati. Amepima viwili hivi kwa mizani yake mwenyewe, na mwili wake ndio rehani. Lakini hata mizani hii haikukamilika kwa haki, maana aghalabu mke na watoto hulala dunguni pamoja naye, na mtoto hakuulizwa. Hapa ndipo shida huanza: mara tu mtu mmoja anapochagua na mwingine akalipa, hesabu ya usalama huacha kuwa hesabu ya busara peke yake, ikawa hesabu ya haki.

Shida hiyo hukua kadiri mchaguzi anavyokuwa mbali na mlipaji. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali iliwahamisha watu wengi wa bonde la Rufiji kutoka mashamba ya chini kwenda vijiji vya nyanda za juu. Nia ilikuwa njema, kwa kuwa maji huua. Lakini maji yaleyale ndiyo yaletayo rutuba. Wengi walirudi bondeni kila msimu kulima, wakatembea mwendo mrefu, wakalala madunguni mbali na nyumba zao mpya. Aliyewahamisha alihesabu mafuriko. Waliohamishwa walihesabu pia mavuno.

Miaka ya 2015 hadi 2017 Kibiti ilipatwa na hatari ya namna nyingine. Viongozi wa vijiji waliuawa majumbani na njiani, na Aprili 2017 askari 8 waliuawa siku moja. Kwa vile wauaji walitumia pikipiki, mwaka huo pikipiki zilipigwa marufuku usiku, tangu saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Hapana mtu wa haki awezaye kuidharau sababu ya amri hiyo. Walakini pikipiki iliyombeba muuaji ni chombo kilekile kimpelekacho mama mwenye uchungu hospitali, na kiwahishacho samaki sokoni kabla ya jua kuwaharibu. Amri haikuweza kumbagua mbaya na mwema gizani, iliwafungia wote.

Bei hiyo angalau ilionekana kwa macho. Ipo bei nyingine isiyoonekana. Tangu mwaka 2019 laini za simu katika Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole, na kuanzia Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa. Faida yake yajulikana na kila aliyewahi kupata ujumbe wa tapeli umwambiao, "Ile hela itume kwenye namba hii." Lakini ufunguo ukipotea hubadilishwa, na kidole hakibadilishwi. Anayetoa alama yake humkabidhi asiyemjua siri ambayo hawezi kuidai tena. Kwa sababu hiyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ni kukiri kwamba mlinzi naye huhitaji kulindwa asije akawa hatari.

Yuko atakayesema kwamba maiti haina haja ya uhuru, na kwa hiyo usalama uje kwanza, mengine yafuate. Neno hili lina nguvu, na katika saa ya damu ni vigumu kulijibu. Lakini likikubaliwa bila mpaka, halitakuwa na mwisho, kwa kuwa hatari hazikomi duniani, na kila hatari itadai kipande kingine cha maisha mpaka kisisalie cha kulindwa. Mpunga hulindwa ili uliwe. Shamba ambalo mlinzi wake hulikanyaga lote kwa kumtafuta nguruwe halina tofauti na shamba lililoliwa.

Dungu lafundisha kipimo kilicho sawa. Hujengwa na wale watakaolala ndani yake. Hatari zake zajulikana kwa aupandaye ngazi yake. Na mavuno yakiisha huachwa, mtu akarudi kwake. Ulinzi wowote, uwe wa miti, wa amri au wa mitambo, wafaa kuulizwa maswali hayo matatu. Ukijenga dungu la mwenzio, mwulize kwanza. Ukimpandisha, mwambie juu ya simba. Na mpunga ukivunwa, mwache ashuke.