Moyo Mpya na Deni la Kale

Hakuna habari inayolifurahisha Kanisa kuliko habari ya mtu aliyemrudia Mungu. Aliyekuwa mlevi ameacha pombe. Aliyekuwa mgomvi ametulia nyumbani mwake. Aliyepotea miaka mingi ameonekana tena kwenye kitubio na kwenye meza ya Bwana. Twamshukuru Mungu kwa mtu wa namna hiyo, wala hatupendi kumtilia mashaka. Lakini liko swali moja ambalo waamini huulizana kwa sauti ya chini, na mara nyingi huachwa bila jibu. Ni hili: mtu akiisha kugeuka moyo, je, madeni ya maisha yake ya kale yamekwisha pamoja na dhambi zake?

Swali hili si la vitabuni tu. Tumfikirie mtu aliyekuwa karani wa chama cha ushirika, akawa anawapunja wakulima kahawa yao kwenye mizani, mwaka hata mwaka. Kwa fedha ile akajenga nyumba nzuri na kuwasomesha wanawe. Baadaye neema ya Mungu ikamgusa. Akaungama, akaacha maovu yake kweli, na leo ndiye anayeongoza sala katika jumuiya yake. Jirani yake ni mjane, mmoja wa wale waliopunjwa, ambaye mtoto wake alikatishwa masomo kwa kukosa ada. Kila juma mjane huyo humsikia jirani yake akitoa shukrani kwa kuwa Mungu amemfanya mtu mpya. Afikiri nini mama huyo? Amwamini Mungu wa namna gani, amfutaye machozi mwizi na kumwacha aliyeibiwa na machozi yake?

Wako wanaojibu upesi. Wasema kwamba mambo ya kale yamepita, kwamba Kristo amekwisha kulipa yote msalabani, na kwamba kumdai mtu aliyeongoka ni kuidharau damu ya Mkombozi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, nasi hatutaki kuukataa. Neema hainunuliwi. Maaskofu wa Afrika walipokutana Kartago mwaka 418 walilikataa fundisho la Pelagio, aliyedhani kwamba mtu aweza kushika njia ya wema kwa nguvu za utashi wake tu. Na Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulifundisha kwamba mwanzo wa kuongoka hutoka kwa Mungu, ambaye hutuita pasipo mastahili yetu. Basi karani yule hakujipatia moyo mpya kwa kulipa kitu, wala hawezi kuununua kwa kulipa kesho.

Lakini wanaojibu hivyo wamechanganya mambo mawili. Mwizi anapoiba hutenda makosa mawili kwa tendo moja: humkosea Mungu, na humnyang'anya jirani yake kitu. Kosa dhidi ya Mungu lafutwa na Mungu mwenyewe, naye amelipatia Kanisa lake mamlaka ya kuondolea dhambi. Lakini fedha ya kahawa si mali ya padre aketiye kwenye kitubio, hata aweze kuigawa. Ilikuwa mali ya mjane kabla ya ungamo la karani, na baada ya ungamo ni mali ya mjane vile vile. Hata malipizi anayopewa mtubu, yaani sala au mfungo au tendo la huruma, hayashiki nafasi ya malipo hayo. Mtu aweza kusali rozari mia moja, na mizani ya kahawa ikabaki imepinda.

Tuyatazame Maandiko Matakatifu. Mtakatifu Luka, katika sura ya 19 ya Injili yake, atusimulia habari za Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru wa Yeriko. Torati, katika vitabu vya Walawi na Hesabu, ilimwagiza mtu anayekiri kosa lake arudishe mali yote na kuongeza juu yake sehemu ya tano. Kulipa mara nne ilikuwa hukumu ya mtu aliyeiba kondoo akamchinja au kumwuza. Zakayo hakuburutwa na mtu mbele ya baraza, lakini alijihukumu mwenyewe kwa kipimo cha mwizi huyo. Na zaidi ya hayo akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake. Tuangalie na utaratibu wa mambo. Bwana hakumwambia alipe kwanza ndipo aingie nyumbani mwake. Aliingia kwanza, akakubali kunung'unikiwa na watu, na moyo wa Zakayo ukafunguka. Neema ilitangulia, malipo yakafuata. Lakini yalifuata, hayakusahauliwa kwa sababu ya furaha ya karamu.

Hali kadhalika Mtume Paulo. Alipomwandikia Filemoni habari za Onesimo, mtumwa ambaye yeye Paulo alimzaa katika imani akiwa kifungoni, alimwomba ampokee, si kama mtumwa tena, bali kama ndugu mpendwa. Mgeuko gani upitao huo? Hata hivyo, juu ya hasara ambayo huenda Filemoni aliipata, Mtume hasemi kwamba ubatizo umeifuta. Aahidi, kwa mwandiko wa mkono wake, kwamba atailipa yeye. Ndugu mpya alikuwa na mdhamini. Hakuwa na ruhusa ya kusahau.

Labda mtu atasema kwamba huku ni kurudia sheria ya kale na kuipunguza neema. Tumwulize basi Mtakatifu Agostino, Askofu wa Hipo, ambaye Kanisa lamwita Mwalimu wa Neema. Hakuna aliyempinga Pelagio kuliko yeye. Yeye mwenyewe, katika kitabu chake cha Maungamo, alililia wizi wa mapeari alioufanya pamoja na wenziwe akiwa kijana wa miaka 16. Na ni huyo huyo Agostino aliyemwandikia Masedonio, mtawala wa Kirumi katika Afrika, kwamba mtu anayeweza kurudisha alichochukua naye asirudishe, toba yake si toba, ni mchezo wa kuigiza toba. Baada yake Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba kurudisha mali ya watu ni jambo la lazima kwa wokovu. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotangazwa mwaka 1992, yarudia fundisho hilo, tena kwa kumtaja Zakayo.

Sasa twafika penye kiini cha jambo. Siku hizi Wakristo wengi huomba nguvu za Roho Mtakatifu. Ni ombi jema sana. Nguvu ni kimoja cha vipaji saba tunavyovipokea katika Kipaimara. Lakini yatupasa kujiuliza: nguvu za kutenda nini? Wengine huzitaka ili wafanikiwe katika kazi, wengine ili wawashinde adui zao, wengine ili sauti yao isikike katika mkutano. Twasema bila kuogopa kwamba mtu mwenye moyo mpya ahitaji nguvu kwanza kwa safari fupi, pengine ya hatua mia mbili tu: kutoka mlangoni pake mpaka mlangoni pa aliyemdhulumu. Kufunga siku arobaini ni rahisi kuliko safari hiyo. Kulia machozi mbele ya watu wanaotuhurumia ni rahisi kuliko kusimama mbele ya mtu mmoja mwenye haki ya kutukasirikia na kumwambia: mama, nilikudhulumu, na hii ni sehemu ya kwanza ya fedha yako. Nguvu ya namna hiyo mwanadamu hana. Ndiyo maana hupewa.

Na ipo mifano ya watu waliopewa. Huko Dublin, Ireland, alizaliwa mwaka 1856 mtu jina lake Matt Talbot. Alianza kazi angali mtoto, akajifunza ulevi akiwa bado mtoto, na kwa miaka mingi mshahara wake wote uliishia kwenye vilabu vya pombe. Siku moja yeye na wenzake waliiba fidla ya mtu maskini aliyejipatia riziki kwa kuipiga mitaani, wakaiuza, wakanywa. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, aliweka ahadi ya kutokunywa pombe kwa miezi mitatu. Hakuahidi maisha mazima. Hakujiamini kiasi hicho. Miezi mitatu ilipokwisha aliongeza mingine, mpaka mwisho akaahidi kwa maisha yake yote. Kila alfajiri, kabla ya kazi yake ya kibarua, alikwenda Misa. Kisha akaanza kulipa. Alivirudia vilabu alivyokuwa amekopa, si kunywa, bali kumaliza madeni yake. Akamtafuta yule mpiga fidla mji mzima. Hakumwona. Basi fedha aliyokusudia kumlipa akaitoa ili Misa isomwe kwa ajili yake. Alikufa njiani akienda Misa, tarehe 7 Juni 1925, na mwaka 1975 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mheshimiwa, yaani mtu aliyeishi fadhila za Kikristo kwa namna ya kishujaa.

Wengi humsifu Talbot kwa sababu ya pombe aliyoiacha. Sisi twaona kwamba ushujaa wake waonekana wazi vile vile katika fidla aliyoitafuta. Mtu aweza kuacha pombe kwa faida yake mwenyewe, apate afya na akiba. Lakini anayetembea mitaani kumtafuta maskini asiyeweza kumshtaki, huyo amekwisha kutoka katika kujipenda. Moyo wake mpya umepata macho ya kumwona mwenzake.

Wasomaji wetu watauliza juu ya mambo magumu, nasi twajibu kwa kifupi kama walimu wa maadili wanavyofundisha. Aliyedhulumiwa akiwa amekufa, warithi wake ndio wenye haki. Akitafutwa kwa bidii asipatikane, fedha ile iwaendee maskini kwa ajili ya wema wa roho yake. Mdaiwa akiwa hana kitu, Mungu hamdai asichoweza. Lakini nia ya kulipa isife, na shilingi ya kwanza inayopatikana ianze safari yake. Aliyemwibia mtu jina jema kwa kumsingizia, arudi kule kule aliposema uongo, akaseme kweli. Wala mdaiwa halazimiki kujiaibisha mbele ya watu wote: aweza kuifikisha mali kwa siri, kwa mkono wa padre au wa mtu mwingine mwaminifu, bila jina lake kutajwa. Kinachodaiwa ni haki ya mjane. Fedheha ya karani haimlishi mtu.

Liko na neno la kuwaambia wanaotoa sadaka kubwa kanisani hali wana mali ya watu mikononi. Ujenzi wa kanisa ni jambo jema, lakini hakuna anayeweza kumchangia Mungu kwa kutumia mkoba wa jirani yake. Bwana wetu, katika Injili ya Matayo, alimwagiza mtu aliyekumbuka kosa lake dhidi ya ndugu aiache sadaka yake mbele ya altare, aende kwanza kupatana. Na sisi mapadre tuchunge sana, furaha ya kupokea bati na saruji isitufunge midomo tusiulize zimetoka wapi.

Nanyi mliodhulumiwa, hatukuwasahau. Mwaamriwa kusamehe, na amri hiyo haingojei siku ya malipo. Lakini kusamehe ni kuitoa chuki moyoni. Si kusema kwamba haki yenu haikuwa haki. Mkitaka kumwachia mdaiwa wenu deni lake, hiyo ni zawadi yenu, na thawabu yake ni kubwa. Zawadi hiyo hutoka kwenu ninyi. Mdaiwa hana ruhusa ya kujizawadia mwenyewe.

Wazee walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Neno la dawa walilichagua vizuri. Mdaiwa ajificha, abadilisha njia akimwona mwenye mali, aogopa hata jina la mtu likitajwa barazani. Aweza kuimba kwa sauti kuu kwamba yu huru, na bado ipo njia moja kijijini asiyoweza kuipita mchana. Kristo hakumpa moyo mpya ili aishi katika hofu hiyo. Kwa hiyo, kila aliyeonja furaha ya kumrudia Mungu, na atwae karatasi juma hili, aandike majina ya watu anaowadai haki yao moyoni mwake kwamba hawajaipata, na mbele ya kila jina aandike alichochukua. Huenda orodha ikamtisha. Aichukue pamoja naye kwenye Misa ya Jumapili, aombe kipaji cha nguvu, kisha jioni aanze na jina la kwanza.