Alama za Kijani

Binamu yangu alifuata programu ya mazoezi ya baiskeli wiki 12 bila kuruka hata siku moja. Najua kwa sababu ilikuwa kwenye simu yangu; yake haikuwa na nafasi. Kila jioni alipitia kwetu Kabianga na ile saa ya kuazima, naiunganisha na simu, na siku inapata alama ya kijani. Kabla ya hapo alikuwa amebeba maziwa miaka minne kwa black mamba, mitungi miwili nyuma, kwenye vilima hivi ambavyo hata pikipiki hulia zikipanda. Aliposhiriki mashindano ya kilomita 120 mara ya kwanza, bila programu wala saa, alimaliza wa 9. Mwaka uliofuata, na kijani chake chote, akawa wa 21.

Hukumu ilitoka kabla hajavua viatu. "Hukujituma," mjomba akamwambia mwanawe. Nikamwonyesha mjomba simu. Hakuitazama.

Sasa, mtu akitimiza yote aliyoambiwa na matokeo yasije, nani anadaiwa?

Miaka ya 1990 kulikuwa na utafiti mkubwa Marekani na Kanada ulioitwa HERITAGE. Watu wasiozoea mazoezi waliwekwa kwenye baiskeli zisizosogea, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 20, wakisimamiwa. Kwa wastani, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni uliongezeka vizuri. Lakini wastani huficha watu. Kuna walioongeza zaidi ya lita nzima kwa dakika, na kuna ambao hawakuongeza karibu chochote. Mpango ulikuwa mmoja, na kila mtu aliwaona wakinyonga. Pale mjomba angekosa la kusema.

Niwe mkweli lakini: kuna utafiti mwingine unaompa mjomba nusu ya kesi. Mwaka 2017, Montero na Lundby walichapisha matokeo ya wanaume waliowapa mazoezi ya baiskeli ya saa moja, wengine mara 1 kwa wiki, wengine hadi mara 5, kwa wiki 6. Ambao miili yao haikuitikia waliongezewa vipindi viwili kwa wiki, wakaendelea wiki 6 nyingine. Wote wakaongezeka. Kumbe dawa ilikuwa kuongeza dozi!

Haya, tuongeze. Binamu huamka saa kumi alfajiri kukamua. Akishapeleka maziwa anaingia shambani kuchuma majani chai, kikapu mgongoni, na hapo malipo ni kwa kilo, hakuna kilo ya kusema leo nimechoka. Jioni ndiyo baiskeli. Na mwili haujengeki wakati wa kunyonga. Hujengeka baadaye, ukilala, ukila. Jumatatu programu iliandika "pumziko". Kwa kuwa saa haikuona baiskeli siku hiyo, siku ikapata kijani. Saa haikuona kikapu.

Hilo nililigundua nikiwa nimechelewa, na bado linanisumbua, maana mimi ndiye niliyeipakua ile programu. Ilimwondolea safari zake ndefu ikampa vipindi vifupi vikali, eti ndivyo vinavyofaa. Labda vinamfaa mtu wa ofisini mwenye saa sita kwa wiki. Halafu siku ya mashindano yenyewe, wenzake walipoongeza mwendo mlimani, aliangalia saa, akaona mapigo ya moyo yamepita kiwango, akawaachilia. Alikuwa mtiifu, bana. Akabaki peke yake na upepo kilomita zaidi ya 50, bila mgongo wa kujificha nyuma yake. Mwaka wa kwanza hakuwa na namba ya kutii. Aling'ang'ania tu gurudumu la mbele.

Mjomba hupenda kutaja Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyefunzwa na David Kinjah kule Kikuyu na baadaye akashinda Tour de France mara 4. "Si ni mazoezi yalimfikisha?" Ndiyo. Lakini vijana wengine walinyonga barabara zile zile nyuma ya Kinjah yule yule, na mjomba hamjui hata mmoja wao.

Tunasema mchumia juani hulia kivulini. Huku kwetu wachumaji ninawaona kila siku, na jua lao nalijua. Methali haijasema kivuli ni cha nani. Nadhani tunashikilia neno "hukujituma" kwa sababu linatulinda: kama jitihada hulipa kila mara, basi aliyepata alistahili, na aliyekosa hatudai kitu, hata saa mbili za usingizi.

Mimi nilipoacha chuo mwaka wa tatu niliambiwa neno hilo hilo. Kwangu lilikuwa na ukweli wake. Kuna mihadhara niliyolala, kuna karo niliyoila. Ndiyo maana lilinichoma kulisikia likiangushiwa mtu ambaye hakuruka hata siku moja. Na kinachonitia hofu zaidi ni kwamba yeye mwenyewe ameliamini.

Wiki jana amenitumia ujumbe. Anauliza kama naweza kumtafutia programu nyingine, kali zaidi. Nimeusoma mara nne. Sijajibu.