Msiwaachie Wafiwa Taka

Wanangu, nyinyi mnaotoka asubuhi na mkoba wa dawa kuwafuata wagonjwa majumbani, kaeni kidogo tuzungumze. Nimechoka, hata sauti imekwisha, lakini neno hili nitalirudia. Anayeaga dunia anaondoka. Watoto wake wanabaki kwenye ua uleule. Huduma yetu isiwe madhara kwao.

Tazameni nyuma ya nyumba mnazozitembelea. Utakuta shimo, na ndani yake glavu, pampasi za watu wazima, mipira ya mkojo na chupa, vyote vimemwagiwa mafuta ya taa vikaungua nusunusu. Kuku wanaparua humohumo. Plastiki ya PVC ikichomwa kwenye moto hafifu hutoa dioksini, sumu inayokaa ardhini hadi ikafika kwenye yai analokula mtoto. Babu tumemtuliza maumivu, mjukuu tumemlisha sumu. Huduma gani hiyo?

Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 85 ya taka za huduma za afya ni taka za kawaida tu. Za kuogopa ni zile 15 zilizobaki: sindano, vyenye damu, kemikali. Basi zitengeni tangu chumbani kwa mgonjwa, na za hatari mrudi nazo kituoni. Na glavu si sare ya kazi. Kumlisha mgonjwa uji au kumgeuza upande, ikiwa hana kidonda wala uchafu wa mwilini, kunataka mikono iliyooshwa. Tena mgonjwa anamjua aliyemshika kwa kiganja na aliyemshika kwa mpira.

Nawasikia mkisema mambo ya mazingira ni ya wenye fedha. La, wanangu. Tiba shufaa huku kwetu ilianza nyepesi. Dk. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ilipatikana kwa kuchanganya unga wake na maji papo hapo nchini, mgonjwa akainywa akiwa kwake. Sindano hakuna, dripu hakuna, kitanda cha wodi hakuna. Sisi ndio tunaojitwisha uzito tukidhani vitu vingi ndiyo huruma nyingi.

Chukueni mfano wa pumzi. Mgonjwa akihema kwa shida, jamaa hukimbilia mashine ya oksijeni, jenereta ikanguruma usiku kucha. Kumbe kama damu yake haijapungukiwa oksijeni, mashine hiyo haimpi nafuu kuliko hewa ya kawaida. Mwegemezeni kwa mito, fungueni dirisha, kisha mpepeeni usoni kwa kipepeo cha ukindu, puani na mashavuni, taratibu. Upepo huo humpunguzia kuhisi kwamba anakabwa. Na mofini kidogo, kwa maagizo ya daktari, husaidia pia.

Lakini msinielewe vibaya. Mgonjwa asinyimwe kitu kwa jina la mazingira. Vipulizio vya gesi wanavyotumia wenye pumu huongeza joto la dunia, na vya unga havina gesi hiyo. Ila cha unga kinataka mtu avute kwa nguvu, na aliyedhoofu nguvu hizo hana. Huyo mwacheni na cha gesi. Tunachopunguza ni upotevu, faraja haiguswi.

Na upotevu unaanzia kwenye kutohesabu. Mali bila daftari huisha bila habari. Andikeni kilichopelekwa, kilichotumika na kilichobaki. Msimfungashie dawa za mwezi mzima mtu mnayemwona kabisa kwamba siku zake ni chache. Akishafariki, nendeni mkahani, kisha kwa adabu ombeni dawa zilizosalia. Mofini irudi kituoni. Isimwagwe chooni jirani na kisima, wala isisahaulike kabatini mtoto akaikuta. Godoro, kiti cha magurudumu na mkongojo visafishwe vimfae mgonjwa mwingine.

Hayo hayangoji mradi wala mfadhili. Yanamngoja mtu mmoja kati yenu atakayefunga kisanduku cha sindano vizuri na kuandika daftari lake kabla ya kuaga nyumba. Kesho mna nyumba za kwenda, anzieni hizo.