Macho ya Isaka: Neno kwa Wenye Wazazi Wazee

Masomo: Mwanzo 27, 1 Samweli 3, 2 Samweli 19



Mwezi huu twataka kunena juu ya jambo ambalo watu wengi hulihesabu kuwa dogo, wala hawadhani kwamba lina mahali pake katika mahubiri. Jambo lenyewe ni hili: mzazi mzee anayo simu ya kupangusa iliyochakaa, nao watoto wake wataka kumpa nyingine. Mtu aweza kusema, Hilo ni la fundi simu, si la mwalimu wa dini. Nasi twajibu, Kila jambo limkutanishalo mtoto na mzazi wake aliyezeeka ni la Amri ya Nne. Na penye Amri ya Mungu, mwalimu wa dini anayo kazi.

Kwanza tueleze hali ilivyo. Wazee wengi walizipata simu zao kwa watoto walioko Dar es Salaam au Arusha, baada ya hao kujinunulia mpya. Sasa kioo kimepasuka, betri imevimba, na chaji haikai hata adhuhuri. Hata hivyo mzee ameivumilia, kwa maana yamletea sauti za wanawe na picha za wajukuu. Lakini simu hufikiwa na siku yake hata kama haijavunjika. Tangu tarehe 1 Januari 2025 wenye WhatsApp waliacha kuzihudumia simu zenye Android 4.4, iliyotolewa mwaka 2013. Basi mzee aweza kuamka asubuhi akaiona simu yake nzima, kioo chawaka, vocha imo, lakini mlango ule walioingilia watoto wake umefungwa. Yeye hajui sababu. Hudhani amebonyeza vibaya, au kwamba watoto wamemchoka. Ndugu, hapo ndipo jambo dogo ligeukapo kuwa kubwa.

Sasa na tufungue Maandiko. Isaka alikuwa mzee, na macho yake yamefifia. Alitamani chakula akipendacho, kisha ambariki mwanawe wa kwanza. Yakobo akavaa mavazi ya nduguye, akafunikwa mikono na shingo kwa ngozi za wana-mbuzi, akaingia. Mzee hakuwa mpumbavu. Aliuliza jina. Alistaajabu kwamba mawindo yamepatikana upesi. Alimwita karibu ampapase, na masikio yake yakamwambia wazi kwamba ile sauti si ya Esau. Lakini kila alichokiuliza kilijibiwa na mtu wa nyumbani mwake, aliyeona vizuri kuliko yeye; hata mwisho akashindwa.

Angalieni, hakudanganywa na mgeni. Alidanganywa na mwana wa tumbo moja na Esau, naye mama mwenye nyumba akisaidia jikoni. Wala Yakobo hakumpiga mzee wala hakumtukana. Alimwita baba, akamletea chakula kitamu. Unyonge wa macho ya baba yake ndio aliouingilia.

Twayasema haya kwa sababu siku ile tumhamishiapo mzazi simu, twasimama pale pale aliposimama Yakobo. Mzee haoni maandishi madogo, sisi twaona. Yeye hajui kioo chataka nini, sisi twajua. Hututajia namba yake ya siri, hutupa kitambulisho chake cha taifa, huweka kidole tunapomwambia aweke. Kwa muda wa saa moja mali yake na siri zake zote zimo mkononi mwetu. Je, tutafanya nini katika saa ile?

Yuko ajitumiaye fedha kidogo, akisema moyoni, Nitarudisha. Yuko asomaye barua za mama yake na ndugu zake, kisha akazisimulia barazani. Yuko aandikishaye laini nyingine kwa kidole cha mzee, apate kuitumia yeye. Hao wote wamevaa ngozi za mbuzi. Lakini yuko na mwingine, asiyeiba wala kusema uongo, naye huumiza sana: huyo ni mwenye haraka.

Na tufanye mfano. Tuseme yuko mama mjane huko Pangani, ambaye mumewe alilala katika Bwana miaka mitatu iliyopita. Katika simu yake ya zamani zimo sauti mbili tatu za marehemu, alizozituma alipokuwa hospitali, akiuliza kama mbuzi wamefungwa na kama mjukuu amekwenda shule. Maneno hayo si kitu kwa mtu mwingine. Mama huyasikiliza jioni. Mwanawe anakuja likizo na simu mpya, nzuri, ya bei. Anatoa laini, anaitia katika ile mpya, anaifuta ile ya zamani yote ili ampelekee fundi aiuze vipuri, kisha asema, Mama, tayari. Jioni mama atafuta sauti ile, asiione. Ataogopa hata kuuliza, asije akaonekana hana shukrani. Kijana amesafiri akifurahi kwamba amemheshimu mama yake. Naye mama amefiwa mara ya pili.

Katika Katekisimo Ndogo, aliyoiandika Martin Luther mwaka 1529, twafundishwa amri hii kwa pande mbili: liko la kuacha, na liko la kutenda. La kuacha ni kuwadharau wazazi na kuwaudhi; la kutenda ni kuwaheshimu, kuwatumikia na kuwapenda. Kijana yule alitoa zawadi, lakini hakutumikia. Kununua ni kazi ya siku moja. Kutumikia ni kuketi chini kando ya mama na kuuliza, Mama, ni nini kilichomo humu usichotaka kipotee?

Kwa hiyo twawapa vijana mashauri machache, ambayo mtu aliye na subira aweza kuyafuata.

Kwanza, msingoje mpaka simu ya zamani ife. Maadamu WhatsApp yafunguka, nakala ya mazungumzo na sauti yaweza kufanywa na kuhamishwa. Ikiisha kukataa, kazi huwa ngumu, na pengine haiwezekani. Sauti na picha hazimo katika laini. Zimo katika simu, au katika kadi yake ya kumbukumbu. Basi ile simu ya zamani isifutwe wala isiuzwe mpaka mzee mwenyewe ameona na kusikia katika ile mpya kila alichokitaja. Lakini betri yake ikiwa imevimba, isiwekwe tena katika chaji bila fundi kuitazama, kwa maana yaweza kuwaka moto.

Pili, mwelezeni mzee habari ya fedha zake. Wengi huogopa kwamba fedha zimo ndani ya kile chombo, na kwamba kikitupwa zitatupwa nazo. Sivyo. Akiba ya M-Pesa na ya mitandao mingine hufuata namba yake. Laini ya zamani ikiwa kubwa, haitoshei katika simu mpya, na aende yeye mwenyewe dukani abadilishiwe. Na namba ya siri aibonyeze mwenyewe, hata akikosea, hata ikichukua robo saa. Ninyi tazameni pembeni.

Tatu, angalieni habari ya kidole. Tangu tarehe 20 Januari 2020 laini zisizoandikishwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa katika nchi yetu, nao wazee walipanga foleni kama watu wote. Mikono iliyolima mahindi na kukata mkonge miaka arobaini imekuwa laini kama jiwe la mtoni, na chombo hakiisomi upesi. Hivyo huambiwa, Weka tena, weka tena. Mzee hajui kama kidole cha mara ya tatu kimeandikisha laini yake au ya mtu mwingine. Isaka naye alidanganywa kwa njia ya mikono. Basi fuataneni naye, mkatazame. Kisha apige *106#, aone ni laini zipi zilizoandikishwa kwa kitambulisho chake.

Nne, kuzeni maandishi, wekeni lugha ya Kiswahili, ondoeni yasiyomhusu; kisha mpeni simu mkononi, apige mwenyewe, apokee mwenyewe, mbele yenu, mara nyingi. Mkiishika ninyi na kumwonyesha, mmejifunza ninyi tena. Yeye hajajifunza neno.

Pengine baada ya hayo yote mzee atasema, Mwanangu, mimi nataka kitochi changu tu, cha kupiga na kupokea. Msikasirike. Mnamkumbuka Barzilai Mgileadi, mwenye umri wa miaka 80, aliyemlisha mfalme Daudi kule Mahanaimu siku za taabu. Daudi aliporudi kwa ushindi alitaka kumchukua Yerusalemu, ale mezani pa mfalme. Barzilai akakataa kwa adabu. Alisema kwamba ulimi wake hauonji tena utamu, wala masikio yake hayafurahii waimbaji. Atavuka Yordani pamoja na mfalme hatua chache, kisha arudi kwao, naye Kimhamu aende badala yake. Je, Daudi alimlazimisha? Hakumlazimisha. Alimbusu, akambariki, akamwacha arudi. Tazameni heshima ya mfalme: aliruhusu mzee apime mwenyewe urefu wa safari yake. Wako wazee watakaovuka pamoja nanyi hata mwisho, na wako watakaokwenda hatua chache. Wote ni wazazi wenu.

Neno jingine lahusu siku zijazo baada ya ninyi kuondoka. Simu mpya ni mlango mpya, na mwivi naye huujua. Utakuja ule ujumbe ujulikanao nchini kote, usemao kwamba ile hela itumwe kwa namba hii. Atapiga mtu mwenye sauti ya upole akisema, Bibi, mjukuu wako yuko hospitali, tuma upesi. Mwingine ataomba zile tarakimu sita zilizoingia sasa hivi, ambazo ni ufunguo wa WhatsApp yake. Isaka alishuku sauti, lakini hakungoja. Mfundisheni mzee kungoja. Akate simu, kisha ampigie yeye mwenyewe mwanawe kwa namba aijuayo, amwulize. Asiye mwongo hatachukia kungojwa. Nao ujumbe wa matapeli na upelekwe kwa namba 15040, iliyowekwa kwa kazi hiyo.

Nanyi wazee wetu, twawasihi msione haya kuuliza. Eli kuhani naye alikuwa mzee, na macho yake yamefifia kama ya Isaka. Mtoto Samweli alilala karibu, akasikia sauti usiku, akamwendea mbio mara tatu akidhani ameitwa na Eli. Mtoto ndiye aliyesikia. Lakini hakuijua sauti ile mpaka mzee alipomfundisha namna ya kuitika. Basi msiseme, Mimi nimepitwa, sina ninachojua. Kijana aweza kuwafundisha kubonyeza. Ninyi mwaweza kumfundisha ni nani wa kuitikiwa na ni nani wa kunyamaziwa. Hilo halimo katika simu yoyote, ya zamani wala mpya.

Kwenu ninyi walimu wa dini twatoa ombi moja. Wako wazee wasio na mtoto karibu: mwanawe yuko Mwanza au Nairobi, au amekwisha kufa. Mzee huyo huenda kwa mtu yeyote wa njiani, akampa simu na namba ya siri pamoja, kwa kuwa hana mwingine. Chagueni katika usharika wenu vijana wawili wawili, wenye sifa njema, waketi na wazee baada ya ibada, mbele ya watu, wasichukue malipo, wala wasiishike namba ya siri ya mtu. Wawaamkie kwanza kwa shikamoo wakiwatazama usoni, wala si macho yakiwa juu ya kioo.

Ndugu, wazee wawili wenye macho yaliyofifia tumewaona leo, na vijana wawili waliokuwa kando yao. Yakobo alimkaribia baba yake ili apate kitu. Naye alikimbia nyumbani miaka mingi kwa sababu ya alichokipata. Samweli alimkaribia Eli mara tatu usiku ili kumtumikia, na kulipokucha akaifungua milango ya nyumba ya Bwana kama ilivyokuwa kazi yake. Siku mtakaposhika simu ya mzazi wenu, chagueni mtakuwa nani.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe ambaye msalabani ulimkumbuka mama yako, ukamweka katika mikono ya mwanafunzi uliyempenda, utupe mikono iaminikayo. Utuondolee haraka na dharau. Uwalinde wazee wetu na wadanganyifu wa mbali, na zaidi na sisi wa karibu. Amin.