Neno Lililo Mikononi

Kwa miaka mingi nimefundisha katekisimu hapa Kampala, nikiwarudishia watoto alichowaandikia Paulo Warumi: imani huja kwa kusikia. Kisha homa ya uti wa mgongo ikamwachia binti yangu uziwi akiwa na miaka mitatu. Je, mlango wa imani ulikuwa umefungwa kwake?

Shule ya kwanza ilimkataza kutumia mikono. Atazame midomo, waliniambia. Fikra hiyo ni kongwe: walimu waliokutana Milano mwaka 1880 waliipitisha kwa kura. Mwanangu alikaa miaka miwili bila jina la kitu chochote, hata la maji. Bado nalia nikikumbuka.

Katiba yetu ya 1995 inataka lugha ya alama iendelezwe. Kwangu mimi hilo si jambo la sheria tu. Nikiisoma Luka sasa, naona Zakaria amepoteza sauti, jamaa wanamwuliza kwa ishara mtoto aitweje, naye anaandika kibaoni. Kutoka kwa baba yake, jina la Yohana lilipita machoni kabla ya kufika masikioni, na ndani ya Injili yenyewe!

Mwalimu kiziwi wa mtaa wa Ntinda ndiye aliyemfundisha binti yangu alama ya Yesu: kidole cha kati hugusa kiganja kimoja, kisha kingine, pale palipopita misumari. Mimi nimelitamka jina hilo maisha yangu yote bila kuliona jeraha.

Jioni ile alinigeukia, mikono ikiuliza: "Aliumia sana?"