Mgonjwa Amerudi Nyumbani

Upasuaji wa matundu madogo wa kuzuia asidi kupanda kooni, ambao madaktari wa Liège, Ubelgiji, waliueleza mwaka 1991, humrudisha mtu nyumbani mtaani Mangobo na vidonda vidogo mno. Tunamwona mzima, tunampakulia lituma, ndizi za kupondwa, sahani tele! Tumwonee huruma. Ndani, sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo imezungushwa kwenye umio na kushonwa, na bado pamevimba. Apewe uji, au supu ya samaki iliyochujwa vizuri, vijiko vichache vichache. Soda na bia aache: kucheua kumekuwa kugumu, gesi itamtesa. Ndoo ya maji wabebe wengine kwa wiki kadhaa. Akishindwa kumeza hata maji, au homa ikipanda, arudishwe hospitali leo leo.