Inshallah Umeiandika Wapi?

Nje theluji imefika magotini. Ndani, kwenye meza ya jikoni hapa mtaa wa Cedar-Riverside, Minneapolis, nimetandaza kalenda ya Julai: Unguja siku nne, boti hadi Mkoani, Pemba siku sita, kisha Dar es Salaam, Nyamisati na mashua ya kwenda Mafia. Kila tarehe ya safari nimeizungushia wino mwekundu. Nikampigia mama, aliye Wete, Pemba, nikamsomea ratiba nzima. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na inshallah umeiandika wapi, mwanangu?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Suratul Kahf, aya ya 23 na 24, inatukataza kuahidi la kesho bila kutaja matakwa ya Mungu. Lakini tiketi ya ndege haiuzwi kwa inshallah, na bosi wangu anataka tarehe. Kupanga ni kiburi? Sidhani. Kiburi ni kujiona umeshafika kwa sababu umeandika.

Mama bahari anaijua. Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, imepakia watu kupita uwezo wake. Tukasema kudra. Kudra ipo, naiamini. Ila aliyehesabu abiria vibaya asijifiche nyuma yake. Inshallah ya mzembe (na sisi tunayo kwa wingi) huniudhi kuliko kalenda yoyote.

Julai kusi huvuma, boti huahirishwa. Kwa hiyo nimeacha siku tatu bila wino. Tiketi nimelipa jana.